Misumari ya Bati

Mimi ndiye niliyeandika.
Mwandiko ule wa kulalia kushoto, wino wa bluu,
ni wangu mimi, Haikaeli, karani wa duka la Mfinanga,
mlango wa tatu ukitokea stendi, Moshi mjini.

Ijumaa ya kwanza ya Februari:
*Misumari ya bati, kilo kumi na mbili,
kutoka kwa A. Temu, Uru. Imelipwa taslimu.*
Hakuna msumari ulioingia.
Aliyeingia ni kijana mrefu, njumu kazining'iniza shingoni,
udongo wa Uru ungali kwenye ndala.
Akasimama kando ya makopo ya rangi
kama aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.
Nikamwonyesha pa kutia sahihi.

Bosi alisoma chuo kile
kabla hakijapata hata ukuta.
Kila Jumamosi yuko jukwaani na kofia ya chuo,
anawaita wachezaji "wanangu".
Kanuni za ligi ya vyuo zinasema mchezaji ni mwanafunzi,
asipewe kitu ila chai, nauli, na jezi ya kurudisha.
Bosi anazijua. Alikuwa kwenye kamati iliyozichapa.
"Andika misumari," aliniambia.
"Msumari hauulizwi unakwenda wapi."

Nikaandika.
Nami nina ada za wadogo wawili, msinitazame hivyo.

Kilo ishirini, alipowafunga wa Arusha mabao mawili.
Kilo nane tu, sare na wa Same.
Kilo thelathini na tano, wiki ile
mfanyabiashara wa mbao wa Himo alipoonekana Uru na gari,
akimsalimu mama wa kijana kwa Kichaga kizuri,
mfuko wa sukari begani.

Mama yule alijua ni ufadhili.
Alipita dukani na mkungu wa ndizi
kutushukuru kwa kumsomesha mwanawe.
Akauliza: siku hizi anakuwa wa ngapi darasani?
Bosi akacheka, akamsifia ndizi.
Mimi nikapanga risiti
zilizokwisha kupangwa.

Aprili, mvua za masika, uwanja umekuwa jaruba.
Sikuwepo. Wanasema goti lilisikika hadi jukwaani,
na kwamba Bosi alivua kofia,
akaikung'uta maji,
akaivaa tena.

Ijumaa iliyofuata sikuandika kitu.
Ijumaa ya pili:
*Misumari ya bati, kilo kumi,
kutoka kwa G. Mbwambo, Usangi.*
Huyu anatumia mguu wa kushoto.

Julai, baridi imeukaba mji, mlima haujaonekana wiki nzima,
mkongojo ukagonga sakafu yetu.
Amenenepa kidogo usoni. Chuo ameacha,
au chuo kimemwacha, hakufafanua.
Yale mabati aliyomwezekea mama, upepo umefungua kona moja.
"Dada, nikopeshe nusu kilo ya misumari.
Nitalipa mwisho wa mwezi."

Bosi alikuwa ndani, kwenye simu na kocha.
Alifunika simu kwa kiganja:
"Hapa hatukopeshi. Hata bango limeandikwa."
Ni kweli, limeandikwa. Kwa mwandiko wangu.

Nikafungua daftari. Sikuwahi kujumlisha kabla ya siku ile.
Kilo mia mbili na kumi na nne.
Kwa hesabu yangu mimi, kijana huyu aliyeegemea kaunta
ndiye muuza misumari mkubwa kuliko wote Kilimanjaro,
na stoo nzima tunayo kilo arobaini,
zenye kutu.

Nikapima nusu, nikaongeza konzi moja,
nikafunga kwenye gazeti la michezo.
Kisha nikaandika, taratibu, bila kulalia upande:
*Nusu kilo. Imerudishwa kwa muuzaji.*

Nikamsogezea kalamu.
Akaegemeza mkongojo, akatia sahihi,
wala hakuuliza ni ya nini.
Tulishamzoesha.