Gari la Vitabu, Kituo cha Mwisho

Mwezi Desemba, Utsjoki, jua halichomozi.
Saa sita mchana anga huingia buluu,
buluu ya wino uliomwagikiwa maji,
halafu basi, usiku unarejea kitini kwake.

Ndipo naegesha maktaba yangu ya magurudumu sita
kando ya kituo cha petroli kilichofungwa,
nawasha taa za ndani, nafuta miwani,
nangoja buti zake zikwaruze ngazi.

Inkeri. Miaka kumi na minne. Kofia ya sufu imemfika nyusi.
Hasalimu. Anauliza:
"Humu kuna anayekufa?"
Namwambia wapo.
"Kufa kweli? Si wa kufufuliwa ukurasa wa mwisho?"
Kufa kweli, nasema, kama muuza samaki
anayeapia samaki wake.

Anachukua vitatu, vyote vya jalada jeusi,
vyote na taji, au mwiba, au mkono unaovuja damu,
vizito kama matofali ya kujengea ukuta
baina yake na kitu nisichokiona.

Mwalimu Outi alinijia juu wiki iliyopita:
"Giza lote hili la Mungu liko nje bure,
nawe unawagawia watoto jingine la karatasi?"
Sikuwa na jibu. Nilimmiminia kahawa.

Usiku ule nilikisoma kimoja, nimeketi penye usukani,
kipasha joto kikikoroma.
Mji ambamo wafu hulipa kodi,
na mtoza kodi ni binti wa miaka kumi na sita,
kisu cha mfupa kiunoni, deni la mama yake begani.
Anampenda mvulana aliyetumwa kumwua.
Nilikereka. Nikafunua ukurasa uliofuata.
Nikakereka tena, saa nane za usiku, supu imeganda.

Mimi nililelewa na vitabu vya watoto wema:
keki, mbwa, likizo kisiwani,
mwizi mmoja mjinga anayekamatwa kabla ya chai.
Kaka yangu Armas alipozama chini ya barafu
nilivipekua vyote, rafu hadi rafu.
Hakuna kilichokuwa na barafu.

Na huyu, nyumbani kwao zimwi halina jina.
Huitwa "baba amechoka."
Huitwa "punguzeni sauti."
Huitwa mlango, na namna mlango ulivyofungwa.
Kijiji kizima kinajua; kinazoa theluji uani,
kinasema baridi mwaka huu ni kali.
Lakini kitabuni zimwi lina jina, herufi saba,
lina kucha, lina kiti cha enzi, lina pa kuchomwa,
na yupo msichana aliyekasirika
ambaye hakuna anayemwambia atabasamu.

Sisemi vitabu vinatibu. Sijui.
Vingine vimeandikwa ovyo: kila mtu macho yake ya fedha,
kila busu linakula kurasa nne.
Pengine anavipendea hizo kurasa nne tu.
Ni haki yake.

Jana alirudisha kile cha mtoza kodi.
Ukurasa wa 212, pale binti anapomwambia malkia,
"Ulijua, na ukala chakula chako,"
pembeni, kwa penseli, herufi ndogo kama chawa:
ndiyo.

Kanuni ya maktaba iko wazi. Kifutio ninacho, droo ya pili.
Nilikigeuzageuza mkononi hadi kikapata joto,
nikakirudisha.

"Cha pili kinatoka lini?"
"Machi."
Alivuta kofia, akatazama nje ya kioo,
ambako hakukuwa na cha kutazamwa.
"Machi kutakuwa na mwanga," akasema,
kama mtu aliyepunjwa.