Jicho la Wavu

Kazi yangu ilikuwa kukaa katikati
na kutokuwapo.
Kulia Petrit, wa kijiji cha Lin, na wenzake watatu;
kushoto Blagoja wa Struga, na faili lake la kijani.
Dirishani Ziwa Ohrid, Januari, rangi ya bati,
na mpaka uliochorwa juu yake kwa wino
ambao maji hayajawahi kuusoma.

Ajenda ilikuwa moja: jicho.
Jicho la wavu liwe na upana gani
ili trauti mdogo apite akakue,
aje avuliwe mwakani na yeyote yule.
Hilo "yeyote yule" ndilo lililotuweka hadi saa nane
chai ikapoa mara tatu.

"Sisi tukimwacha," akasema Petrit, "nyie mnamla."
Nikageuza.
"Sisi tukimwacha," akasema Blagoja, "nyie mnamla."
Nikageuza.
Sijawahi kutafsiri sentensi ileile
kwenda na kurudi,
kama mtu abebaye ndoo ya maji
kutoka ziwani kwenda ziwani.

Wakaleta wavu, wakautandaza juu ya kitambaa cheupe cha hoteli.
Petrit akapima: milimita thelathini na nane.
Blagoja akapima: arobaini.
Wavu uleule. Rula ileile.
Yakaanza ya akina babu, ya vita,
ya boti iliyokamatwa mwaka ule wa ukungu
ikarudishwa bila propela.
Petrit akatamka neno juu ya mama wa mtu.

Chumba kizima kikanigeukia.

Hapo nikajua kuwa mimi nami ni wavu:
yapo ninayoyapitisha, yapo yanayonasa kwangu.
Nikasema, "Mheshimiwa ana wasiwasi na kipimo."
Blagoja, aliyeoa Pogradec miaka thelathini iliyopita
na kufundishwa matusi yote ya Kialbania na shemeji zake,
akanitazama juu ya miwani.
"Mwambie," akasema taratibu,
"hata mimi nina wasiwasi na kipimo."

Aliyetuokoa hakuja kutuokoa.
Slavka, mfanyakazi wa usafi, aliingia na dekio, amenuna:
upande mmoja wa wavu wenu umekauka, uko kwenye hita,
sawa, siusemi;
lakini huu mwingine unatona maji
na zulia langu nani atalianika?

Kimya.
Petrit alipima penye hita.
Blagoja alipima penye maji.

Basi ikaandikwa, kifungu cha nne:
wavu upimwe ukiwa umelowa, kama samaki anavyoujua.
Cha tano: Desemba hadi Februari
usiingie majini uzi wa mtu, huku wala kule.
Cha sita, boti ya doria ibebe wawili,
mmoja wa kila upande,
ili kila mmoja amwone mwenzake akiona.
(Cha saba kilihusu mafuta ya boti. Bado kinajadiliwa.)

Jioni tukapelekwa kituo cha kutotolea samaki.
Jike aliyevuliwa kusini
alikamuliwa tumbo kwa vidole viwili,
mayai yakadondoka kwenye beseni, ya chungwa, mazito;
juu yake ute mweupe wa dume wa kaskazini.
Binti mmoja akayakoroga kwa unyoya wa bata bukini.
"Kwa nini unyoya?" akauliza Petrit.
Nikageuza.
"Kwa sababu mkono, hata wa mtu mwema, ni mzito."
Nikageuza.
Kisha wanaume wale wakainamia beseni
na kwa dakika nzima, labda mbili,
sikuwa na kazi.

Ujira wangu ulikuwa nusu kwa nusu.
Serikali moja imeshalipa.
Nyingine bado, huu mwezi wa tano.
Ni ipi?
Hapo mniwie radhi:
kwa swali hilo, jicho la wavu wangu ni dogo.