Maelekezo kwa Iestyn, Alhamisi Yake ya Kwanza

Fika saa kumi na moja, kabla mvua haijaamua.
Mlango wa ukumbi hukwama: uinue kwa goti,
usiusukume kwa hasira, umenizidi umri.
Washa hita zote mbili. Ya kushoto itanuka vumbi linaloungua;
iache inuke. Bila harufu hiyo
watu watadhani wamepotea njia.

Meza kumi na mbili, viti vinne vinne,
ila ile ya karibu na hita, ya Gwladys Prosser:
kiti kimoja. Usimuulize.

Kadi zimo kwenye bati la biskuti.
Pauni moja kwa kadi, sita kwa pauni tano,
na Emlyn asikudanganye kwamba mimi humkopesha.
Mistari mitatu, kila mstari namba tano,
na mapengo katikati, kama kinywa cha Emlyn huyohuyo.

Sasa mipira. Ihesabu mwenyewe, mmoja mmoja.
Themanini na tisa ni ya mbao, imelainishwa na viganja.
Mmoja ni wa tenisi ya meza,
nimeuandika kwa rangi ya kucha: arobaini na saba.
Ni mwepesi. Ukizungusha kitundu huruka juu ya wenzake
kama mtoto aliyevalishwa viatu vya kanisani.

Usiite kama karani wa kodi.
Taja namba, kisha utani wake, kisha namba tena,
maana Mair hasikii sikio la kulia
na haketi upande wa kushoto.
Thelathini na moja: mshahara uliisha jana.
Hamsini na tisa: basi la Merthyr, bado halijafika.
Ishirini na mbili: bata wawili, na wote watapiga kwaa! kwaa!
hata mchungaji. Usicheke kabla yao.

Mstari mmoja, soseji za Huw.
Miwili, chupa ya sheri.
Kadi nzima ikijaa, bahasha;
nusu ni ya mshindi, nusu ni ya paa hili
linalotudondokea hata tukiwa tunalichangia.
Mtu akipaza "Nyumba!", simama papo hapo.
Soma kadi yake kwa sauti, namba kwa namba,
hata awe mama yako. Hasa akiwa mama yako.

Utalisikia neno hilo mara nne kwa usiku,
Nyumba! Nyumba!
Mimi nikimaliza hufagia, hufunga,
narudi kwenye yangu, yenye kikombe kimoja kwenye karai.

Delwyn aliita hapa miaka thelathini na minne.
Usiku ule alitoa mpira, akautazama,
akafungua mdomo.
Kitundu kilianguka pamoja naye.
Tulitambaa sote, wazee kwa vijana, hadi chini ya piano,
tukapata themanini na tisa.
Wa tisini ulikuwa ngumini mwake, na sikukubali
mtu yeyote anyooshe vile vidole.
Namba yake tuliijua kwa kukosekana kwake.

Wiki sita baadaye, dukani, mbele ya rafu ya maziwa,
Gwladys alinishika mkono wa koti.
"Nilibakiza mmoja tu, Eirlys," akasema,
akaona haya, akachukua siagi asiyoihitaji.
Sikumuuliza namba gani.
Kadi ile anayo bado, kwenye mkoba, imekunjwa mara nne.

Kwa hiyo ule mwepesi ukitangulia kutoka,
na utatangulia, sote tunajua na hakuna anayelalamika,
usiharakishe. Namba hiyo haina utani.
Iite mara moja.
Ngoja kwa muda wa kikohozi kimoja,
usitazame meza ya hita,
kisha zungusha.

Sukari iko kabati la juu, nyuma ya mishumaa.
Maziwa leta wewe. Si yale ya bluu.