Divai ya Euro Nne

Njia panda wamefunga tawi la mmea utambaao ukutani,
bichi, limening'inia kichwa chini,
na mshale mwekundu wa ubao.
Huku milimani juu ya Trieste tawi hilo ni barua:
kwa Vojko mlango u wazi,
siku nane, tisa, hadi pipa ligongwe lijibu utupu.

Nilipanda kwa basi la saa tano
na chupa ya lita mbili iliyokuwa ya maji.
Mimi ni mpiga pasi. Mashuka ya hoteli, mia na ishirini kwa siku.
Divai za wenye nazo nazijua kwa madoa tu:
hii nyeusi haitoki hata kwa chumvi,
ile ya mapovu hukauka bila ushahidi.

Vojko akanijazia terano, euro nne lita.
Nyekundu ya kukaribia zambarau,
na harufu ya, nitasema kweli,
msumari uliolala mvuani.

Nyumbani, ghorofa ya nne, nikakaanga dagaa,
nikamwita Bruna wa mlango wa pili.
Tukanywa. Tukatazamana.
Mdomo mzima chuma, kama nimelamba ufunguo.
Bruna ulimi wake hauna breki:
"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hiki hadi kinafungiwa matawi njiani!"

Nikampigia Vojko. Divai yako imeoza.
Kimya. Nyuma yake kuku, na mtu anakohoa.
"Umeinywa na nini?"
Na samaki.
Akacheka hadi simu ikakwaruza.
"Haikuoza, mama. Wewe ndiye uliyeioza,
kwa mume asiye wake."

Jumamosi nikarudi. Bruna alikuja kushuhudia aibu yangu.
Ua wa mawe, benchi linayumba, nyigu wawili.
Vojko hakuleta hotuba. Alileta yai la kuchemsha,
chumvi juu ya karatasi,
mzizi mkali uliokunwa, unaopanda puani kama habari mbaya,
na paja la nguruwe lililokaushwa kwa upepo.
(Upepo wa huku waitwa bora.
Aliyeubatiza hakuwahi kuanika shuka.)
"Kwanza mafuta. Tafuna, usimeze. Haya, piga funda."

Na kile chuma, sijui kilikwenda wapi.
Uchachu uliingia kwenye mafuta
kama pasi ya moto kwenye kunyanzi,
ukapita, nyuma yake pakabaki laini,
na matunda meusi ya vichakani
yaliyonuna chupani wiki nzima
yakatoka, yakaketi nasi.

Bruna akanywa. Akala yai. Akanywa.
Hakusema neno,
nami niliyeishi naye ukuta mmoja miaka kumi na tisa
najua kimya chake kina bei gani.

Kwa ajili ya dagaa tulipewa nyingine, vitovska,
nyeupe yenye wingu, euro nne vilevile,
na mwishoni chumvi kidogo,
kana kwamba zabibu zilichungulia bahari
zikaona haya kusema.
Tangu hapo jikoni kwangu ni mashenga watupu.
Terano na supu ya maharage na kabichi chachu: ndoa.
Terano na soseji, hata ile ya kopo: ndoa,
ingawa wakwe wananong'ona.
Bruna alijaribu na keki ya chokoleti.
Talaka papo hapo, na mashahidi hawakuhitajika.

Jumatatu, shuka la chumba mia tatu na nane
lilikuja na doa jekundu, pana kama sahani.
Wenzangu wakakisia bei ya chupa:
themanini, alisema Fulvia, la, mia.
Mimi nikashika pasi, nikainama, nikanusa,
nikawaonea huruma waliolala pale.
Walikula nini nayo, maskini?