Safu ya Jinsia

Umekuja na mchoro, ndugu mtaalamu,
mstari mwekundu unaopanda kilima
kutoka mwaka huu hadi mwaka nisioujua,
ukauegemeza kwenye ukuta wa kichinjio cha Lubao
pale tunapotundika mabuti.
Ukasema bei ya nyama itapanda.
Ukasema walaji wanaongezeka, mijini hasa.
Ukasema "fursa" mara tisa.
Shivachi, aliyekuwa akinoa kisu, alihesabu.

Mimi sina mchoro. Nina muhuri
na wino wa zambarau usiokubali kutoka kwenye kucha,
nina daftari la kurasa mia mbili
lililolowa damu kidogo pembeni,
na kila alfajiri, kabla chai haijachemka,
naandika: rangi, umri kwa meno, alikotoka, jinsia.

Zamani safu ya jinsia niliijaza bila kuitazama.
Dume, dume, maksai, dume, maksai,
labda jike mmoja mzee, chuchu zimekauka,
aliyeagwa nyumbani kwa jina lake.

Ya mwaka huu isome mwenyewe.
Jike. Jike. Mtamba, meno mawili.
Jike. Jike.
Jike wa Malava, maziwa yangalimo kiweleni,
yakamwagika meupe juu ya saruji,
mbwa wakapigana.

Siwalaumu. Mama Khasiala alimleta mtamba wake
kwa ajili ya karo na deni la mbolea.
Dalali Imbwaga akamshika nundu, akampapasa ubavu,
akataja bei akitazama kwingine.
Mizani ipo, tuliletewa na kaunti;
kuku wanataga chini yake.
Hapa kilo hupimwa kwa jicho,
na jicho la mnunuzi siku zote lina chongo.

Lori la Chepareria halikuja wiki sita:
karantini, homa ya miguu na midomo.
Chanjo ilifika homa ikiwa imeshaaga.
Kisha Lokitare akashusha ng'ombe kumi na wanane,
mbavu nje, unaweza kuzihesabu kama chenji,
akaniambia, "Ng'ombe haelemewi na nunduye,"
akanyamaza hapo hapo,
maana nundu zenyewe zilikuwa zimelala upande
kama kofia za walevi.

Ndiyo, bei imepanda. Mstari wako si mwongo.
Kwa Mukoshi watu wananunua robo
na kuomba mfupa wa nyongeza,
halafu wanaomba Mukoshi asiwaandike.
Bei imepanda, na bucha tatu zimefungwa
zingali na ndoano zake.

Lakini ngoja.
Jana, saa kumi na moja na nusu,
Shivachi alipasua tumbo la jike mwekundu
akasimama. Shivachi hasimamagi.
Ndani, katika maji yake, ndama,
kwato laini kama nta,
kope tayari.
Cheti kilichokuja na mama yake kilisema: tasa.
Kilikuwa na sahihi nzuri, yenye mkia.

Nilitafuta safu ya kumwandika, nikaikosa.
Hakuzaliwa, basi hakufa.
Hana uzito unaotozwa ushuru.
Kwenye mchoro wako, pale mstari unapofika kileleni,
angekuwa na watoto watatu, na binti yake mmoja
angekuwa na mimba.
Nimeutazama mstari huo kwa makini. Unapita juu yake
bila hata kujikunja.

Nikamwandika pembeni, kwa wino wa muhuri:
Mtamba. Meno: bado. Alikotoka: hapa.

Basi chukua daftari, kanakili takwimu zako.
Ila lirudishe kabla ya siku ya mnada.
Lori jingine limeshafika Kitale
na Imbwaga amenipigia simu, sauti yake ya furaha:
wamejaa, mama, tena wote majike.