Bei ya Makala

Sikujua bei ya makala.
Miaka ishirini na mitatu, nyimbo arobaini,
sura yangu imebandikwa Nyawera juu ya tangazo la sabuni,
na muuza makala wa Kadutu ananiuliza, "Kopo ngapi, dada?"
nami nimebaki na mkoba mikononi
kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake.

Nikatoa noti yote.
Akaitazama, akanitazama.
"Wewe hujazoea," akasema, akanirudishia chenji
na kuongeza vipande viwili
vya huruma.

Nyumba ya Muhumba ilikuwa na ziwa katika kila dirisha.
Funguo alikuwa nazo Prospe.
Usinywe baridi. Usicheke kwa nguvu, koo ni mtaji.
Usiseme umechoka, sema "nawapenda."
Namba ya siri ya simu yangu aliijua yeye;
mimi nilikuwa na kidole gumba tu,
nacho walikibonyeza nikiwa nimelala.

Wakanipa jina: Stela Almasi.
Nililivaa kama viatu vya kuazima,
nje vinang'aa, ndani vidole vimekunjana.

Siku moja mhudumu wa hoteli aliniuliza,
"Mama, unapenda kula nini?"
nikageuka kumtazama Prospe.
Hilo ndilo lililoniondoa.
Si kipigo, si njaa.
Shingo, iliyogeuka yenyewe.

Nilitoka alfajiri, mvua inapiga,
na kadi yangu ya uchaguzi niliyoichomoa
kwenye droo yake, chini ya mikataba.
Katika picha, msichana kipara, macho makavu.
Sikumkumbuka vizuri. Nikamwambia, twende.

Sasa nina chumba. Mlango unafungwa kwa msumari.
Juu ya bati langu nyumba za wengine zimeparamia mlima
kama watu wanaochungulia mechi bila tiketi.
Udongo mwekundu umekula visigino vyangu.
Maharage ya kwanza niliyaunguza.
Ya pili yalikuwa mawe.
Ya tatu niliyala nimesimama, sufuriani,
moshi wa babula ukinitoa machozi
ambayo hakuna kamera iliyoyaagiza.

Kwa kijana wa laini za simu, chini ya mwavuli:
"Jina?"
Nikafungua mdomo, Almasi akatangulia,
mwepesi, keshajipodoa.
Nikamvuta nyuma. Kijana akangoja, kalamu hewani.
"Cibalonza," nikasema. "Kwa C."
Akaandika. Hata kichwa hakuinua.
Uwanja mzima haujawahi kunipa
kitu kikubwa kama kichwa kile kilichoinama.

Prospe anatuma watu. Wanasema mkataba, wanasema deni,
wanasema, bila sisi wewe ni nani?
Swali zuri.
Naliwaza nikipanda na bidoni, lita ishirini,
ngazi za mawe, napumzika mara nne.
Wiki iliyopita nilipumzika mara saba.

Jana usiku nilikuwa nafua, nikajikuta naimba.
Si wimbo wao. Kitu tu, cha chinichini,
cha bibi yangu akipepeta mtama,
maneno nusu nimeyasahau, nusu nayabahatisha.
Jirani akagonga ukuta kwa kiatu:
"We mwenye sauti ya kukwaruza! Mtoto amelala!"

Nikanyamaza. Kisha nikacheka,
kwa nguvu, mpaka koo likauma.

Akagonga tena.