Jiwe la Sikio

Kichwa cha chewa nimepewa bure, soko la Matrah.
"Thuwaiba, supu leo?"
Supu baadaye. Kwanza kibanio,
kwanza lile jiwe la sikio,
jeupe, jembamba kama ukucha wa mtoto.

Maabarani nalikata, nalisugua, naliweka chini ya darubini.
Pete moja, mwaka mmoja.
Katikati kabisa, doa: yai lililoelea usiku wa Aprili,
likaanguliwa kabla ya kesho kutwa.
Kilichotoka kikala visivyoonekana, kikakoswa na vinywa.
Katika malaki ya ndugu, huyu akafika mikokoni Qurum,
urefu wa kidole cha shahada,
akajibanza.

Pete ya nne: jike. Akataga.
Ya tano, ya sita, akataga.
Ya tisa —
hapa jiwe limefunga mdomo.
Lakini tumbo alilolipasua Shahdad asubuhi
lilikuwa la dume.
Labda dume kongwe lilinaswa demani,
nafasi ikabaki wazi, naye akageuka:
palipokuwa na mayai pakawa na shahawa,
wala hakuomba ruhusa kwa mtu.

Kiswahili changu hakimsumbui.
Yeye ni yeye, awe anataga au ameacha.
Kiarabu cha ripoti ndicho kinachoning'ang'ania:
huwa, au hiya?

Kumi na mbili. Nahesabu tena, kumi na mbili.

Jioni kichwa kimo sufuriani, na ndimu kavu mbili.
Zuweini anauliza: alikuwa mama au baba?
Vuta sahani, namwambia.
Supu inapoa.